Kamusi ya Oxford ya wanaojifunza Kiingereza: waombaji kazi ifungueni kabla hamjachapa barua

Kazi yangu ni steshenari, kutwa nachapa sivii na barua za kuomba kazi, na Oxford Advanced Learner's Dictionary haifungwi kwenye kompyuta yangu. Ya mtandaoni ni bure, we andika tu Oxford Learner's Dictionaries itakuja.

Maana ya neno utaipata popote, hii inakuonyesha na neno linafuatana na nini. Tafuta capable, unakuta imekolezwa wino "capable of doing something", kwa hiyo ile "I am capable to drive" inayojaa kwenye barua za watu inakufa hapo hapo. Ukihamia able mambo yanabadilika, unasema "able to drive". Na "good in mathematics" nayo tunaipenda sana kwa vile sisi tunasema mzuri kwenye hesabu, kumbe wenyewe wanasema good at.

Inayoniuma kuliko zote ni used to. Dereva wa lori mzoefu kabisa anaomba kazi Dubai, anaandika "I used to drive at night" akimaanisha kazoea kuendesha usiku, na yule anayesoma kule anaelewa kwamba zamani alikuwa anaendesha usiku ila siku hizi kaacha, sasa mtu wa hivyo utamwitaje kwenye usaili wa safari za usiku? Alitakiwa aandike "I am used to driving at night". Kamusi imezitenga hizi mbili, kila moja na sehemu yake na mifano yake. Hivyo hivyo "I work hardly", mtu anajisifia bidii na kumbe anasema kazi karibu hafanyi, aseme "I work hard" basi.

Ukifungua can usikiruke kile kiboksi cha sarufi. Kama siku fulani jenereta lilizima ukalitengeneza, usiandike could, andika "I was able to repair it" au "I managed to repair it". Could inakaa vizuri kwa uwezo wa jumla wa zamani.

Asili yake inaeleza kwa nini inatufaa. A. S. Hornby na wenzake waliitengeneza Japani wakiwa wanafundisha Wajapani Kiingereza, ikatoka Tokyo 1942, halafu Oxford wakaichapa 1948. Mwingereza hahitaji kuambiwa capable inafuatwa na of, sisi ndo tunahitaji.

Shida ni kwamba maelezo yote ni Kiingereza, anayeanza kabisa atachoka mapema, huyo aweke na kamusi ya TUKI, ile ya Kiingereza-Kiswahili, pembeni. Kuna na vitufe vya sauti, Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani, bonyeza usikilize maneno ya fani yako kabla ya siku ya usaili. Nyota nne kati ya tano, na ya tano naishikilia mpaka waweke Kiswahili.