Diski ya Méliès: Itazame Taratibu

Haya, karibuni tena. Leo sina simu wala spika. Nina hii diski hapa, filamu za Georges Méliès, yule Mfaransa aliyekuwa mwanamazingaombwe kabla hajashika kamera. Nawaambia mapema: ukifuata hadithi humu utasinzia. Fuata ujanja wake.

Tuanze na hii ya 1901, ya kichwa cha mpira. Oneni, kichwa chake kiko juu ya meza, anakijaza upepo kwa mvukuto, kinavimba. Akaja msaidizi, huyo hana kipimo, anavukuta tu mpaka puu! Kimepasuka. Sasa, kamera haikusogea hata kidogo. Aliyesogea ni Méliès mwenyewe, kakalia kigari kinachovutwa kuelekea kwenye kamera, ndiyo maana kichwa kinaonekana kuvimba; mwili umefunikwa kitambaa cheusi ili kionekane kichwa tu. Filamu ileile ikapigwa mara mbili, picha juu ya picha. Ukikosea hesabu, unarudia yote.

Kamera yake imetulia kama mtu aliyelipia kiti cha katikati ukumbini. Mimi inanichosha, hasa filamu zake za mwishoni, wenzake walishaanza kuhama na kamera. Ila mandhari yale! Studio yake ya vioo pale Montreuil, aliyoijenga 1897, kila kitu kilipakwa kijivu, maana filamu za enzi zile ziliionyesha rangi nyekundu kama nyeusi.

Rangi zilipakwa kwa brashi, baadaye. Paris kulikuwa na karakana ya Bi Élisabeth Thuillier, wanawake wanapaka fremu, yaani kila picha ya filamu, moja moja, kila mmoja na rangi yake. Hii hapa safari ya mwezini ya 1902, nakala ya rangi iliyopatikana Barcelona 1993 ikiwa imegandamana, ikaja kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes 2011. Ngoja nisimamishe. Mnaiona bendera hiyo wakati mzinga unaorusha chombo mwezini unafyatuliwa? Nyekundu na njano. Ya Uhispania! Nakala ilipakwa kwa ajili ya wateja wa huko.

Alitengeneza filamu zaidi ya 500. Msizitafute zote humu: mwaka 1923, kafilisika, alizichoma mwenyewe negativu zake, zile filamu za asili za kuchapia nakala, akaishia kuuza vitu vya kuchezea stesheni ya Montparnasse.

Diski naipa nane kwa kumi. Moja nimekata kwa maandishi ya chini, madogo kama sisimizi. Nyingine ni muziki wa kundi la Air kwenye ile ya mwezini. Mimi hapo nazima sauti.