TAHADHARI: Wauzaji wa pedi za breki "zisizotoa vumbi"

Wakuu, kuna wauzaji wa spea wenye mchezo mmoja. Anakukuta umeegesha, anapitisha kidole kwenye rimu, anakuonyesha kilivyo cheusi: "Bosi, pedi zako feki hizi, breki zinakufa." Halafu boksi linatoka, pedi ambazo eti hazitoi vumbi kabisa. Msinunue breki kwa ushahidi wa kidole.

Breki husimamisha gari kwa msuguano, na penye msuguano lazima kitu kilike. Masizi yale ni unga wa pedi pamoja na chuma cha diski, sahani inayozunguka na gurudumu na kubanwa na pedi. Pedi zenye chuma kingi hutoa vumbi jingi na jeusi. Za seramiki hutoa kidogo, tena la kijivu lililopauka, ndiyo maana rimu huonekana safi. Magurudumu ya mbele huchafuka kuliko ya nyuma kwa sababu ukikanyaga breki uzito wa gari hukimbilia mbele. Pedi mpya nazo huzidisha vumbi kwa kilomita mia chache za mwanzo, mpaka zikae sawa na diski. Na ukiona wekundu wa kutu asubuhi baada ya mvua, huo ni wa diski, unafutika breki za kwanza kwanza tu.

Sasa pedi "isiyotoa vumbi kabisa" ni ipi? Mara nyingi ni ngumu kupita kiasi. Ama haishiki, ama inaila diski badala ya kuliwa yenyewe. Vumbi utaliona tu, ila safari hii ni diski yako inayopukutika.

Kabla ya kutoa hela, itoe pedi kwenye boksi uitazame ubavuni au mgongoni. Pedi ya kueleweka ina herufi mbili za daraja la msuguano: ya kwanza ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imechemka. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. FF inashika vilevile baridi na moto. FE inalegea ikipata moto, jambo baya kwenye mteremko mrefu. Iliyoidhinishwa kwa kanuni ya Ulaya ina pia E ndani ya duara na namba yenye 90R. Pedi isiyo na maandishi yoyote, rudisha. Kagua na pale nyenzo inapokutana na bati la nyuma: ukiona ufa au mwanya hata wa unene wa ukucha, achana nayo. Ikibanduka barabarani, unabaki na chuma kwa chuma.

Ujanja wa pili unawapata wengi zaidi. Gurudumu moja tu ni jeusi, na muuzaji anakushawishi ununue seti nzima na kalipa mbili (kalipa ndiyo inayobana pedi kwenye diski). Gurudumu moja kuchafuka kuliko mwenzake wa upande wa pili mara nyingi maana yake breki ile haiachii. Piga jeki, weka stendi na kabari, fungua gurudumu, kisha linganisha unene wa pedi ya ndani na ya nje. Kwenye kalipa inayoteleza, ya ndani ikiwa imeliwa sana kuliko ya nje, anza kushuku pini ambazo kalipa huteleza juu yake kuwa zimekwama, au pistoni isiyorudi. Pini huchomolewa, zikasafishwa, zikapakwa grisi ya silikoni, utando mwembamba tu. Ukijaza grisi kwenye tundu, pini haiingii vizuri. Grisi ya kawaida ya bearingi usiitumie hapo, inavimbisha raba. Kama gurudumu ni zito kuzungusha na linalegea pale tu unapofungua nati ya kutolea upepo, mpira wa breki (ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa) umeziba kwa ndani, na hakuna pedi itakayoponya hilo. Pedi zikifika milimita 3, badilisha za pande zote mbili za ekseli, si upande mmoja.

Kuna pia mabati ya duara ya kuweka kati ya rimu na breki "kuzuia vumbi". Yanazuia upepo unaopoza diski. Joto hilo hufika kwenye mafuta ya breki, na yale ya daraja la DOT 3 yaliyokwisha kunyonya unyevu yanaweza kuchemka kuanzia nyuzi 140 za Selsiasi tu. Yakichemka, pedali inazama hadi sakafuni. Dawa za kupulizia rimu zing'ae nazo, tone likigusa diski ni utelezi.

Uchafu ukiwa mbichi, wenye utelezi, hilo si vumbi: ni mafuta ya breki au grisi inavuja. Gari lisitembee. Na lililo kavu msilipulize kwa kompresa, unga ule ni mwembamba na unaingia mapafuni. Futeni kwa kitambaa chenye maji, rimu ikiwa imepoa.

Aliyekwisha kufunga pedi hizi "zisizotoa vumbi" apime unene wa pedi na wa diski baada ya kilomita 1,000. Kipimo cha mwisho cha diski kimechongwa kwenye diski yenyewe, kwa kawaida baada ya MIN TH (unene wa chini kabisa). Kama diski imeshuka na pedi iko vilevile, zing'oe, zipige picha pamoja na boksi na risiti, mrudishie muuzaji. Na wakati mwingine mwambie aandike namba ya pedi kwenye risiti, akikataa, ondoka.