TAHADHARI: Anayeuza "feni ya kupoza nyumba nzima" Kariakoo, bandueni stika kabla ya kulipa

Wakuu, habari za saa hizi. Naandika nikiwa bado na hasira, lakini joto linakuja na najua wengi mtaanza kutafuta kitu cha kuwapoza. Kuna jamaa anatembeza tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp: "Feni ya darini, inapoza nyumba nzima, baridi kama AC, umeme wa buku tu kwa siku." Mimi ameshaniingiza mjini kwa milioni moja na laki moja, na nusura tupoteze kitu kikubwa kuliko hela.

Naishi Tabata, nyumba ya vyumba vitatu, bati la msauzi, dari la jipsamu. Mama yangu ana presha na joto linamtesa sana, usiku anaamka mara mbili tatu kwenda kukaa barazani. AC ya chumba kimoja ningejikakamua nikanunua, tatizo ni LUKU. Ndiyo maana lile tangazo lilinikamata.

Nilimfuata Kariakoo, kwenye fremu anayochangia na muuza viatu. Lugha yake nzuri, kila sentensi "dada yangu". Feni 950,000, ufundi 150,000. Nilipoingiza namba ya kulipia, jina lililotokea halikuwa lake wala la duka. Nikamuuliza, akasema ni la shemeji yake. Risiti ya EFD nayo, mashine mbovu, atanitumia kesho. Hapo ningegeuza nikarudi zangu nyumbani, lakini nilikuwa namuwaza mama, nikabonyeza namba ya siri.

Jumamosi fundi wake akaja, akakata tundu kubwa kwenye dari la korido, akaifunga feni kwenye kenchi, na pembeni yake akaweka boksi zito la chuma. Akaniambia ni stabilaiza. Wakati anaondoka akasema: "Dada, ukiwasha funga madirisha yote, baridi isitoke."

Jioni tukafunga madirisha, tukawasha. Mdogo wangu alikuwa anachemsha maharage kwenye jiko la mkaa, baraza la nyuma, na mlango wa jikoni uko wazi. Haikupita robo saa moshi ukaanza kuingia ndani, unanyooka na korido moja kwa moja hadi mlangoni kwa mama. Akaanza kukohoa. Kwenye matundu ya taa vumbi jeusi likawa linadondoka pamoja na mavi ya popo, mpaka juu ya kitanda. Halafu ikaja harufu ya waya unaoungua. Nilikimbilia meinswichi nikazima kila kitu. Fundi wetu wa mtaani, mwenye leseni ya EWURA, alipopanda darini dakika kama ishirini baadaye, lile boksi bado lilikuwa halishikiki.

Kesho yake akaishusha feni tuiangalie kwenye mwanga. Ubavuni mwa mota kuna stika mpya inang'aa, 230V. Akaipasha kidogo kwa kiberiti, akaingiza ukucha, ikabanduka yote. Chini yake kuna kibati cha kiwandani: 120V, 60Hz (hiyo Hz ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde). Mota imepakwa rangi juu ya kutu. Ni feni ya Marekani iliyokwishatumika, na umeme wetu ni 230V, 50Hz. Ile "stabilaiza" ni transfoma ya kushusha umeme, tena ndogo kuliko mzigo wa mota, ndiyo maana ilikuwa inaungua. Na hata ukiiwekea transfoma kubwa, haibadilishi hiyo 60Hz. Mota ya namna hiyo kwenye umeme wetu inazunguka polepole kuliko ilivyoundwa, na inachemka zaidi.

Baada ya hapo nilikaa na fundi akanieleza jinsi feni hizi zinavyofanya kazi, na nilisoma pia mwenyewe. Hizi feni zipo kweli, Wamarekani wamezitumia miaka mingi. Lakini hazitengenezi baridi. Zinavuta hewa ya nje kupitia madirisha yaliyo WAZI, zinaisukuma juu ya dari, nayo inatokea kwenye matundu ya paa pamoja na lile joto lililojaa chini ya bati. Ukifunga madirisha, feni itavuta hewa popote inapopata upenyo, hata kama upenyo huo unapita juu ya jiko la mkaa. Moshi unauona na kuusikia harufu, lakini mkaa unatoa pia kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunuka, na inaua watu wakiwa usingizini. Lile jiko lingekuwa limebaki na makaa tu bila moshi, tungelala. Hilo ndilo linaloninyima raha mpaka leo.

Vumbi nalo lina sababu yake. Kipimo wanachotumia ni futi moja ya mraba ya uwazi kwenye paa kwa kila futi za ujazo 750 za hewa kwa dakika. Yangu alinisifia kuwa inasukuma 4,500, maana yake nilihitaji futi 6 za mraba, karibu sentimita 75 kwa 75 za uwazi mtupu, na ukiweka wavu wa kuzuia popo unaongeza tena. Nyumba yangu imezibwa kuzunguka paa lote. Hewa ilikosa pa kutokea, ikarudi ndani na uchafu wa miaka. Jamaa hakuuliza hata swali moja kuhusu paa.

Na hata ungepata feni halali, haiwezi kuifanya nyumba iwe baridi kuliko hewa ya nje. Dar usiku wa Januari na Februari ni nyuzi 25 hivi, na unyevu juu. Itakutolea fukuto na kukupa upepo, hiyo ni faida ya kweli, hasa Juni mpaka Agosti. Lakini "baridi kama AC" ni uongo mtupu. Vile vifeni vya kuwekea maji na barafu navyo ni hivyo hivyo, kwenye hewa yetu yenye unyevu vinakuongezea jasho tu.

Nilipompigia yule muuzaji alinijibu kwa sauti kwamba sisi hatukuitumia vizuri, kisha akanibloku. Namba yake nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na Jumatatu naipeleka feni na stika yake Tume ya Ushindani. Tangazo bado linazunguka, safari hii lina picha nyingine na jina jingine la duka, ila sauti kwenye video ni ile ile ya "dada yangu".

Tundu la korido nimeliziba kwa plaiwudi. Mama amehamia sebuleni chini ya pangaboi, madirisha wazi, nyavu zimefungwa. Kama umeshafungiwa feni ya huyu jamaa, usiiwashe tena usiku wa leo. Zima meinswichi, ita fundi mwenye leseni apande, akubandulie stika mbele ya macho yako.