TAHADHARI: Muuza belosi za bomba la mvuke anayetembea na kipande kilichopasuliwa

Wakuu, nina hasira na nina aibu. Nimekaa na jambo hili wiki mbili nikijiuliza niseme au ninyamaze, maana anayesema ameibiwa kwenye kazi yake mwenyewe anajivua nguo mbele za watu. Leo nimesikia kwamba yule mtu bado anazunguka na kile kipande chake, na kuna mtambo mwingine umemwita. Basi nasema.

Ni jointi za upanuzi, hizi tunazoziita belosi, yaani vipande vya bomba vyenye mikunjo kama kinanda vinavyomeza urefu bomba linapopata moto, za laini ya mvuke inayotoka boila la pili. Jina la muuzaji silitaji kwa sababu shauri liko polisi na nimeambiwa nisiliharibu. Lakini mtamjua kwa ujanja wake, na ndio nataka kuueleza.

Alikuja ofisini asubuhi, peke yake, ovaroli safi, viatu vya kazi vilivyochakaa kama vya mtu anayeingia mitamboni kweli. Hakutoa katalogi. Alitoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akakiweka mezani taratibu, akakifunua. Ilikuwa belosi ya inchi 6 iliyopasuliwa kwa urefu, nusu nzima, na makali yamesuguliwa hadi yanang'aa. Akaisukuma kwangu. "Hesabu mwenyewe, injinia." Nikainama. Matabaka matatu ya bati jembamba yamelaliana kama kurasa za daftari, mkunjo kwa mkunjo, hayajaachana hata mahali pamoja. Nikapitisha ukucha nikayasikia yote matatu. Nikatoa venia yangu ya kupimia unene mfukoni nikapima: milimita 0.5, na 0.5, na 0.5. Akatoa sumaku iliyofungwa kwenye uzi, akaniwekea mkononi. Nikaigusisha, ikateleza, haikushika. Nikaigusisha kwenye mguu wa meza, ikanata. Yeye hakusema neno, alikuwa ananitazama tu. Sasa najua alikuwa anasubiri uso wangu ubadilike, na ulibadilika.

Kabla hamjasema niliamini sumaku, ngojeni. Najua sumaku haitoshi. Najua stenlesi ya daraja la 201, la bei rahisi, nayo haishikwi na sumaku, na najua hata daraja la 304 nzuri ikishakunjwa baridi huanza kuvutwa kidogo. Nilimwambia hivyo hivyo usoni. Unajua alijibu nini? "Kaa nacho kipande, kapime unapotaka, nitakifuata Ijumaa." Mwizi gani anakuachia ushahidi siku mbili? Nikakipeleka kwa rafiki yetu mmoja mwenye bunduki ya kupimia, ile mashine inayosoma madini yaliyomo kwenye chuma. Akapiga mahali patatu. Ikasoma daraja la 316, aliloniahidi, bila shaka yoyote: nikeli juu ya asilimia 10, molibdenamu juu kidogo ya 2. Nikapumua. Kwa hiyo asitokee mtu akaniambia sikupima. Nilipima. Nilichopima ndicho hakuniuzia.

Na hesabu nilifanya, daftari ninalo. Chuma cha kawaida hurefuka kama milimita 1.2 kwa kila mita bomba linapopanda nyuzi 100. Mvuke wetu ni bar 8, kwenye joto la nyuzi 175 hivi, na bomba likiwa baridi liko 25. Tofauti 150. Kutoka nanga hadi nanga, yaani vile vizuizi vya zege vinavyolishika bomba lisisogee, ni mita 20, kwa hiyo kila kipande kinarefuka milimita 36, na kila kipande kina belosi yake moja, hakuna cha belosi mbili kugombania kipande kimoja. Kusukuma kwa presha nako nilikuhesabu: mikunjo ya inchi 6 ina kipenyo cha katikati kama milimita 185, ukizidisha eneo lake kwa bar 8 unapata zaidi ya tani 2 zinazotaka kuichanua belosi. Siku ya kupima kwa maji kwenye bar 12 zinafika tani 3 na ushei. Ugumu wa belosi wenyewe, kwa karatasi yake aliyonipa, ni nyutoni 180 kwa kila milimita, yaani kilo 660 hivi ikiminywa milimita zote 36. Nikaongeza msuguano wa vikalio, nikajenga nanga za tani 5. Kishikio cha kwanza cha kuongoza bomba nikakiweka ndani ya vipenyo 4 kutoka kwenye belosi, cha pili vipenyo 14 kutoka cha kwanza, kama kanuni ya EJMA, chama cha watengenezaji wa jointi hizi, inavyotaka. Sikuruka kitu.

Arbuni ikalipwa nusu. Mzigo ukaja kwa wakati, na cheti, na ripoti ya jaribio, na kibao cha chuma chenye namba kwenye kila moja. Na zile fito za njano za kusafirishia, zinazoizuia belosi isiminyike njiani, zimefungwa vizuri kwa bolti. Akatusisitiza kwa simu: "Msizifungue mpaka zimekaa kwenye laini." Hilo ni kweli, hata kiwanda cha haki kingekuambia hivyo, na mshale wa mwelekeo wa mvuke akatuuliza kama tumeuona. Mtu anayejali namna hiyo! Mtunza stoo akasaini. Nami nikasaini. Saini yangu iko pale.

Maji bar 12, dakika 30, hakuna tone. Salio likalipwa siku ile ile.

Sasa hapa ndipo aibu yenyewe ilipo. Siku ya kwanza ya kuwasha, bomba lilipopata moto, zege la nanga ya mwisho likapasuka. Ufa wa kuingiza kidole. Mimi nikamwita mzee wetu, yule aliyemwaga zege, mbele ya vijana wake wote, nikamwambia kazi yake ni chafu na kwamba amepunguza nondo. Mzee alisema neno moja tu: "Mwanangu, hii haijapasuka kwa udhaifu, imesukumwa." Sikumsikia. Nilimfanya abomoe na kumwaga upya kwa gharama yake. Akamwaga. Ikapasuka tena. Nimekwenda kwake nyumbani juzi kumwomba radhi, akanikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili, na fedha yake nimemrudishia mimi mwenyewe. Lakini yale maneno niliyomwambia mbele ya vijana hayarudi.

Siku ya 23 belosi ya pili ikatoboka. Boila letu linawashwa asubuhi na kuzimwa jioni, kwa hiyo ilikuwa imeminywa na kuachiwa mara 23. Muuzaji alituandikia kwamba itavumilia mara 2,000. Mvuke ulitoka kwenye bonde la mkunjo wa kwanza karibu kabisa na weldi, kwa ile sauti inayokufanya ukimbie kabla hujajua unakimbia nini. Kijana wa usafi alikuwa amepita pale na ndoo muda mfupi kabla, hata maji aliyomwaga sakafuni yalikuwa hayajakauka.

Tuliishusha, nikachukua mashine ya kukatia mwenyewe, nikaipasua kwa urefu, kama kile kipande chake. Tabaka moja. Moja! Bati la milimita 1.5, zito, limekunjwa mara chache kuliko kwenye mchoro. Bunduki ikasoma nikeli 4, manganizi karibu 7. Hiyo ni 201, ya masufuria na mikono ya ngazi. Huwezi kuliona hilo kwa nje, maana ncha za matabaka zinamezwa na weldi chini ya pete, na kwa ndani kuna ile kinga ya mvuke inayofunika mikunjo yote. Kipande chake kilichopasuliwa kilikuwa njia pekee ya kuona ndani, na kilikuwa cha belosi nyingine kabisa, ya mtengenezaji mwaminifu ambaye pengine hajui kazi yake inatumiwa kuibia watu.

Na angalieni alivyokuwa amefikiri. Bati moja la 1.5 linabeba presha vizuri sana, ndiyo maana jaribio la maji lilipita bila tone. Maji hayaiminyi belosi, yanaisukuma tu, na ikiwa baridi haitembei. Lakini ugumu unapanda kwa unene uliozidishwa kwa unene, kisha kwa unene tena: ukiita 0.5 moja, matabaka matatu ya 0.5 ni kama 3, bati moja la 1.5 ni kama 27. Mara 9. Zile kilo 660 zangu zilikuwa karibu tani 6, ukiongeza na tani 2 za presha, nanga ya tani 5 ya mzee ilikuwa ibaki nzima kwa muujiza gani? Na mkunjo mnene ukikunjwa umbali ule ule huumia zaidi kila safari, basi uchovu wa chuma unakuja mapema. Huyu si mtu aliyekosea oda. Mtu asiyejua belosi hawezi kuibia namna hii. Anajua kila kitu ninachojua, na akatumia kujua kwake kuchagua udanganyifu ambao jaribio letu lisingeuona.

Nilimpigia. Akasema, na nanukuu, "Nanga zenu ndizo mbovu, bosi, jengeni upya." Nikamwambia nimeipasua. Simu ikakatika na haijapatikana tangu hapo.

Namtaka ndani. Sitaki suluhu, sitaki anirudishie nusu, sitaki "kutoelewana kwa kibiashara" kama yule jamaa wa manunuzi anavyotaka kuandika kwenye ripoti yake. Afungwe, na aliyemchomelea zile belosi afungwe naye, na aliyemchapia vyeti. Karakana yake ivunjwe milango ihesabiwe kila jointi iliyotoka pale na ilikokwenda. Mwaka 1974 kule Flixborough, Uingereza, waliunganisha bomba la muda la inchi 20 kati ya belosi mbili za inchi 28 bila kulishikilia inavyopasa, na tarehe 1 Juni watu 28 walikufa. Pale hapakuwa na mwizi, palikuwa na haraka na mchoro uliochorwa sakafuni. Huyu wetu anafanya kwa makusudi, kwa faida, akijua kuna watu wanapita chini ya bomba. Mnataka nimwite mfanyabiashara?

Mtaniuliza kama hapakuwa na dalili. Zilikuwapo, sasa ndiyo naziona. Hakuniuliza swali lolote la maana: hakuuliza boila linawashwa mara ngapi, hakuuliza nanga ziko wapi wala zina nguvu gani, hakuuliza kama sufi ya kufunikia bomba ina kloridi, wakati stenlesi hizi hupasuka kwa kloridi zikiwa moto. Mtu anayeuza belosi bila kuuliza mwendo na nanga anauza bati. Cheti nacho, kile cha 3.1 cha EN 10204 cha kuthibitisha chuma kilichotumika, kilikuwa na namba moja ya myeyusho, yaani ya chuma kilichoyeyushwa pamoja, kwa bati la mikunjo na kwa flenji. Bati la stenlesi na flenji ya chuma cheusi zimetoka kwenye sufuria moja ya kuyeyushia? Nilikishika cheti hicho mkononi na sikuona, kwa sababu nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu yale matabaka matatu. Na uzito, nadhani. Vijana walisema ni nzito.

Kama mna oda inayokuja, lipeni salio baada ya mtu wenu kusimama pale karakanani belosi inapokunjwa, kabla kinga ya ndani haijachomelewa. Ahesabu mabati, apige bunduki kwenye kila bati, aandike namba. Au oda ziwe nne na ulipie ya tano ya kupasua, uichague mwenyewe kwenye rundo. Au iminye kwa jeki yenye geji kabla ya kuifunga: milimita 10 za belosi yangu zilipaswa kudai kilo 180 tu, na yake ingedai tani moja na nusu na zaidi. Jaribio la dakika chache, na sikulifanya kwa sababu fito za njano zilikuwa zimefungwa na sauti ya upole kwenye simu iliniambia nisizifungue.

Belosi tatu zilizobaki nimezitoa zote, ziko kwa mpelelezi. Kule alikoitwa sasa, mwenye kumfahamu mtu wa mtambo ule ampigie leo, asingoje kesho. Na kama kuna yeyote aliyenunua kwa mtu mwenye nusu ya belosi kwenye kitambaa na sumaku kwenye uzi, na jointi zake ziko kwenye laini yenye moto usiku huu, funga valvu, zuia njia ya chini ya bomba, halafu unitafute. Cheti chake nataka kukiona. Nina hakika kitakuwa na namba ile ile ya myeyusho kama changu.