Tahadhari: wakala anayeuza mikataba ya mapokezi kwa watafiti wanaokwenda Ujerumani

Ninawaandikia watafiti wenzangu, hasa mliomaliza shahada ya uzamivu hivi karibuni na mnaotafuta nafasi Ujerumani, kuwatahadharisha kuhusu wakala mmoja wa Dar es Salaam anayejitambulisha kuwa mshauri wa viza za watafiti. Mwezi Machi nilimlipa shilingi 1,850,000 kwa awamu mbili, na nilichopata ni karatasi ya kughushi.

Maelezo yake ya mwanzo yalikuwa sahihi, na ndiyo maana nilimwamini. Alinieleza kwamba Ujerumani ina viza ya mtafiti chini ya kifungu cha 18d cha Sheria ya Ukaaji, kwamba mwombaji huhitaji mkataba wa mapokezi, yaani makubaliano ya maandishi ya taasisi ya utafiti kwamba itampokea afanye utafiti wake huko, na kwamba mwenzi wa mtafiti huruhusiwa kufanya kazi. Yote hayo ni kweli. Uongo ulianzia pale aliposema kwamba taasisi hutenga mikataba kadhaa kwa ajili ya mawakala wa Afrika, na kwamba yeye amebakiwa na miwili tu, kwa hiyo nilipe kabla ya Ijumaa.

Hakuna utaratibu wa namna hiyo. Mkataba wa mapokezi hutolewa na taasisi yenyewe kwa mtafiti iliyokwisha kumkubali, baada ya watu wa huko kuisoma kazi yake na kukubaliana naye mradi atakaoufanya. Haupiti kwa dalali wala hauuzwi. Ukiambiwa una bei, basi unauziwa karatasi.

Niliyotumiwa ilikuwa na nembo ya taasisi inayojulikana, na kwenye simu ilionekana safi kabisa. Nilipoifungua kwenye kompyuta na kuikuza, niliona kisanduku cheupe kuuzunguka mhuri, kana kwamba umekatwa mahali pengine na kubandikwa hapo. Mradi ulitajwa kwa maneno mawili tu, "utafiti wa kilimo", ilhali mimi ninashughulikia magonjwa ya mifugo. Mkataba halali hueleza pia wajibu wa pande zote mbili, mshahara, na sharti kwamba unabatilika iwapo kibali cha ukaaji hakitatolewa. Huo wangu haukuwa na lolote kati ya hayo. Niliandikia ofisi ya wageni ya taasisi kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, wala si ile iliyokuwa kwenye barua, na baada ya siku mbili nikajibiwa kwamba aliyetia saini hajawahi kuwa mfanyakazi wao.

Katika fedha nilizolipa, shilingi 300,000 zilikuwa za "kushika miadi ya ubalozi". Miadi ya ubalozi wa Ujerumani haitozwi chochote, na ada ya viza ya muda mrefu kwa mtu mzima ni euro 75, ambayo mwombaji huilipa mwenyewe anapowasilisha maombi. Nafasi za kweli zimetangazwa bure kwenye tovuti ya EURAXESS ya Umoja wa Ulaya, na DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi na watafiti, lina ofisi Nairobi.

Ninamshukuru Mungu kwamba sikuiwasilisha karatasi ile, kwa sababu hasara ingekuwa kubwa kuliko fedha: anayewasilisha nyaraka za kughushi ndiye anayebeba lawama, hata kama alitapeliwa. Wakala huyu anasema anashughulikia pia Uingereza, na huko mwombaji aliyetumia udanganyifu anaweza kukataliwa viza kwa miaka 10.

Kwa waliokwisha kumlipa, naomba msifute mazungumzo wala jumbe za miamala. Nendeni polisi mkiwa nazo, na namba yake mwitume kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Mimi nimeshafungua jalada. Fedha zangu zilipokelewa na laini iliyosajiliwa kwa jina la mwanamke, ilhali niliyekuwa nikizungumza naye siku zote ni mwanamume, na hadi jana laini hiyo ilikuwa bado inapatikana.