Nilisema "a-a", wakaandika ndiyo

Kama meno yamekuwa meupe au la, nitafika huko hasira ikipoa. Kwanza habari ya dola 5.

Mimi mtoto wa Goma. Utoto wangu wote nimekunywa maji ya mvua iliyopita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo, na moshi ule una fluoridi, ambayo ikizidi hutia meno madoa. Ndiyo maana wengi wetu tunajuana kwa meno: mabaka ya kahawia hapa mbele. Miaka yote nacheka na kiganja mdomoni. Juzijuzi nikasema basi, nikaingia kliniki moja ya meno upande wa Himbi, ning'arishwe meno.

Dokta mwenyewe sina neno naye. Aliniambia mapema: "Mama, kahawia itafifia, haitatoka yote. Na madoa meupe yanaweza kuonekana zaidi siku za kwanza." Akanisafisha meno, akanitia ile plastiki ya kutanua midomo, akaziba fizi, akapaka dawa. Nikalala pale mdomo wazi kama samaki aliyeanikwa.

Umeme ukakatika.

Taa si kitu, dawa hufanya kazi hata bila taa. Lakini kile kimpira kinachonyonya mate nacho kilikata roho! Mate yakajaa, yakashuka shingoni mpaka kwenye kitenge changu cha Jumapili. Dokta yuko uani anagombana na mlinzi habari ya jenereta. Nimebaki na msaidizi. Huyu sasa! Badala ya kunifuta, ananimulika tochi ya simu, daftari mkononi: "Mama, jenereta haina esanse. Kila mgonjwa anaongeza dola 5, si ndiyo?"

Nikasema "a-a". Jamani, midomo ikitanuliwa vile, a-a inatoka "aaa". Nikatikisa kichwa. "Mama usitikisike, dawa itagusa fizi." Akaandika.

Na ikagusa kweli. Fizi ya juu ikageuka nyeupe, ikaniwaka mpaka usiku. Wakati wa kulipa nikauliza hizo 5 ni za nini. "Lakini ulikubali, mama." Anacheka, meno meupe pee. Huyo hakukulia hapa.

Msiende. Au, sijui. Siku 2 nilikatazwa chai, kahawa na kila chakula cha rangi, kwaheri sombe yenye mawese. Ni bugali na visamaki vya sambaza tu, na upepo wa ziwa ukipiga meno ni sindano. Halafu asubuhi moja nikajitazama kwenye kioo: lile baka kubwa limebaki kivuli tu. Nilicheka peke yangu, mikono chini. Dokta anajua kazi, nani atakataa? Lakini dola 5, na kitenge bado kina alama!

Mdogo wangu naye anataka kwenda. Nimemwelekeza kwa dokta huyohuyo. Nimemwambia aende na karatasi na kalamu.