CmapTools: programu ya ramani za dhana isiyopenda mstari mtupu

CmapTools ni programu ya kuchora ramani za dhana, yaani michoro inayounganisha dhana kwa mistari yenye maneno ya uhusiano. Iliundwa na IHMC, taasisi ya utafiti yenye makao yake Pensacola, Florida, nchini Marekani, nayo hupatikana bila malipo. Mbinu yenyewe ni kongwe kuliko programu: ilichipuka mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha Cornell, Joseph Novak na wenzake walipotafuta namna ya kuonyesha jinsi uelewa wa sayansi unavyobadilika kwa watoto, wakifuata nadharia ya mwanasaikolojia David Ausubel kwamba jambo jipya hueleweka linaposhikizwa kwenye lile ambalo mtu analijua tayari.

Ukibofya mara mbili mahali palipo wazi, hutokea kisanduku chenye alama za kuuliza, ambamo utaandika dhana. Ukivuta mshale ulio juu yake hadi kwenye dhana nyingine, mstari huchorwa, na katikati yake hujitokeza kisanduku kidogo chenye alama zilezile, kikikusubiri utaje uhusiano. Kwangu, thamani yote ya programu hii imo katika kisanduku hicho kidogo. Kuunganisha “moyo” na “damu” kwa mstari hakumgharimu mtu chochote. Kazi ni kuamua kama moyo husukuma damu, hupokea damu au hulishwa na damu, maana yote matatu ni kweli na kila moja huzaa tawi lake. Isitoshe, ramani nzima inaweza kutolewa kama orodha ya kauli, na ukiisoma orodha hiyo bila picha, viungo vya kivivu kama “inahusiana na” hujianika vyenyewe.

Hata hivyo, uhuru huo wa kuandika kiungo chochote una gharama yake. Katika “nyangumi ni mamalia” tunataja kundi lililomo ndani ya kundi kubwa zaidi, ilhali katika “Kilimanjaro ni mlima” tunataja kitu kimoja kilichomo katika kundi; mchoro huonyesha kauli zote mbili kwa sura ileile. Vivyo hivyo, “ndege huruka” haisemi kama ni ndege wote au baadhi yao, na mbuni, ndege asiyeruka, hana pa kujitetea. Grafu za dhana, aina nyingine ya mchoro aliyoichapisha mwanasayansi wa kompyuta John Sowa mwaka 1976, zilikusudiwa kufasirika katika lugha ya mantiki, na michoro ya Peter Chen ya mwaka huohuo, inayotumiwa kusanifu hifadhidata, huweka 1 (kimoja) au N (vingi) kwenye miisho ya mistari ili idadi ijulikane. Anayesanifu hifadhidata basi asipoteze muda hapa. Mwalimu, mwanafunzi au mtu anayemhoji mtaalamu ili kunasa anachokijua atafaidika sana.

Ramani ikipita dhana ishirini na kitu, mistari huanza kupishana na jicho huchoka. Programu hutoa njia nzuri ya kuepuka hilo: dhana inaweza kubeba chini yake kijipicha kinachofungua ramani nyingine, hivyo “damu” ikapewa ukurasa wake na kuacha moyo ukipumua. Ipo pia amri ya kupanga visanduku vyote kwa mkupuo, lakini ni afadhali kuvipanga kwa mkono, kwa sababu mashine haijui dhana ipi mwandishi anaiona kuwa kuu.